Umekaa Hapa Tangu Lini? Talaka Isiyopingwa na Swali la Makazi

Mkaazi wa Mnarani anayetaka kuvunja ndoa ya kiserikali hana safari ndefu. Atapanda tuktuk au bodaboda, avuke daraja lililofunguliwa mwaka 1991 na kuistaafisha feri ya mlango wa Kilifi, na ng'ambo ya pili atakuwa mjini penye mahakama ya hakimu. Akihitaji Mahakama Kuu, atapanda matatu ya Malindi. Hata hivyo kuna swali linalowatangulia wengi mlangoni mwa wakili kabla ya swali la ada: je, sheria inataka mtu awe ameishi hapa kwa muda gani ndipo aruhusiwe kudai talaka, hasa pale ambapo mwenzake hana nia ya kupinga?

Swali hili lina wenyewe. Ukanda wa Kilifi, Watamu na Malindi umekusanya watu wa kila aina. Waitaliano walianza kuzoea Malindi miaka ya 1960, wakati mradi wa San Marco ulipokuwa ukirusha setilaiti kutoka baharini karibu na Ngomeni, na wengi waliofuata walijenga, wakaoa, wakazeekea hapo. Waingereza waliostaafu wana nyumba kandokando ya mlango wa Kilifi. Watumishi wa serikali kutoka bara huhamishiwa huku na kule, na ndoa zao hubaki Kakamega au Nyeri. Halafu kuna mabinti wa Kilifi walioko Saudia na Qatar kwa kandarasi za kazi za ndani, ambao ndoa zao zimeishia kwenye simu. Kila kundi lina ndugu au rafiki ughaibuni, na kila ndugu ana habari za kwao: California lazima ukae miezi 6, Uingereza mwaka mzima. Habari hizo zikifika Mnarani hugeuka kuwa sheria ya Kenya, nayo siyo.

Sheria ya Kenya inasema kidogo sana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, iliyofuta sheria 7 za zamani na kuzikusanya ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu chini ya paa moja, ina kifungu cha 60 kinachompa nafuu ya mahakama mwanandoa anayeishi Kenya. Anayeishi, basi. Hakikutaja siku, miezi wala miaka. Hata aliyefungia ndoa yake nje anakubaliwa, mradi ndoa hiyo ilifuata sheria za nchi ilikofungwa, haipingani na sheria ya Kenya, na waliooana walikuwa na uwezo wa kisheria wa kuoana.

Ukimya huo unaonekana vizuri zaidi ukiwekwa kando ya majirani. Tanzania, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, humtaka mwombaji wa talaka awe na makazi yake ya kudumu nchini au awe amekaa humo angalau mwaka 1 kabla ya kufungua shauri. Uganda bado inatumia Sheria ya Talaka ya mwaka 1904, ambayo haihesabu miezi ila hutaka makazi ya kudumu, yaani nchi ambayo mtu ameifanya kwao na hana nia ya kuihama. Kenya imechagua njia iliyo nyepesi kuliko zote mbili, na ajabu ni kwamba wachache wanaijua.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Wakati wa ukoloni, mahakama za Waingereza zilishikilia kanuni iliyowekwa na Baraza la Siri la London (Privy Council), lililosikiliza rufaa za makoloni, mwaka 1895 katika kesi ya Le Mesurier iliyotoka Ceylon: mahakama pekee yenye haki ya kuvunja ndoa ni ya nchi ambayo wanandoa wana makazi yao ya kudumu. Na makazi ya kudumu ya mke yalikuwa ya mumewe. Mume akihamia nchi nyingine kwa nia ya kubaki huko, mke aliyeachwa nyumbani alihesabiwa amehama naye bila kuinua mguu. Akitaka talaka, amfuate mume kwenye mahakama za huko. Mwaka 1926 Baraza hilohilo, katika kesi iliyotoka Alberta nchini Kanada, lilikataa kumpa mke makazi yake mwenyewe hata baada ya mahakama kuwatenganisha. Mwaka huohuo Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuruhusu mahakama za India na za makoloni kuvunja ndoa za Waingereza ambao kwao kisheria bado kulikuwa Uingereza. Maofisa na walowezi walihitaji mlango wa dharura, wakafunguliwa.

Sheria ya Kenya ya mashauri ya ndoa, iliyojulikana kwa mawakili kama Sura ya 152, ililirithi fundo hilo. Ilitaka mwombaji awe na makazi ya kudumu Kenya, kisha ikampa mke upenyo: akiwa ameishi nchini kwa kawaida miaka 3 mfululizo kabla ya kufungua shauri, angesikilizwa hata kama mume alikuwa wa kwingine. Kwa hiyo babu anayesimulia kwamba talaka ya Kenya ilidai miaka 3 ya kukaa hajatunga uongo. Anasimulia sheria iliyozikwa mwaka 2014. Hata kabla ya hapo, sheria ya makazi ya mwaka 1970 ilikuwa imeshakubali kwamba mke hapotezi uwezo wa kuchagua makazi yake mwenyewe kwa sababu tu ameolewa.

Kwa nini basi nchi nyingine bado zinahesabu miezi? Sababu kubwa ni hofu ya watu kuwinda mahakama rahisi. Marekani ndiyo iliyotoa somo. Jimbo la Nevada, likitafuta fedha, liliteremsha muda wa ukaaji hadi miezi 3 mwaka 1927, na mwaka 1931 likauteremsha tena hadi wiki 6. Mji wa Reno ukajaa wageni wenye masanduku, wakilala kwenye nyumba za wageni na kwenye ranchi zilizofunguliwa kwa ajili yao, wakihesabu siku 42 kabla ya kwenda kortini kuapa kwamba Nevada ndiko kwao. Majimbo mengine yalikasirika. Upande wa pili, jimbo la Iowa lilidai mwaka mzima, na mwaka 1975 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Sosna, ilikubali kwamba jimbo lina haki ya kumtaka mgeni asubiri, ili lisigeuke kituo cha talaka za watu wa nje na ili hukumu zake ziheshimiwe kwingine.

Kisa kinachowagusa zaidi watu wa Malindi, kwa kuwa wahusika walikuwa Waitaliano, kilitokea Uingereza. Italia iliruhusu talaka mwaka 1970 tu, na wapiga kura wakaiokoa sheria hiyo katika kura ya maoni ya mwaka 1974. Lakini talaka yao ilikuwa ya mwendo wa kobe: wanandoa walitakiwa kwanza watenganishwe rasmi, kisha wakae miaka 3 ndipo waombe talaka yenyewe. Waliochoka kusubiri walianza kutazama nje. Wajanja wakawapa njia: fungua shauri Uingereza, andika kwamba mmoja wenu anaishi huko, mwenzako asipinge, na kila kitu kimalizike kwa posta.

Kati ya mwaka 2010 na 2012 mashauri 180 ya namna hiyo yalitawanywa kwenye mahakama 137 za wilaya nchini Uingereza na Wales, kila mahakama ikipewa machache ili pasiwe na anayeshtuka. Siri ilikuwa kwenye anwani. Mashauri 179 kati ya hayo yalitaja anwani moja mjini Maidenhead, magharibi ya London, na polisi walipoifuatilia walikuta sanduku la barua. Hakuna mtu aliyeweza kulala humo, sembuse mamia. Mwezi Septemba 2014 Jaji James Munby, aliyekuwa mkuu wa kitengo cha familia cha Mahakama Kuu, alizitangaza talaka zote zilizotokana na udanganyifu huo kuwa batili. Waliokuwa wameshaoa au kuolewa tena walijikuta na wenzi wawili kwa mpigo.

Jambo la kuzingatia katika kisa hicho ni hili: hakuna hata mmoja wa wanandoa hao aliyekuwa akilalamika. Zilikuwa talaka zisizopingwa, na ndiyo maana zilipita. Pale ambapo pande mbili zinagombana, mdaiwa mwenyewe humkagua mwenzake, akipiga kelele kwamba huyu haishi hapa. Wakikubaliana, macho yanabaki ya hakimu peke yake. Masharti ya ukaaji yametungwa hasa kwa ajili ya talaka za amani, na watu wengi hudhani kinyume.

Kenya, iliyoacha kuhesabu ukaaji, iliamua kuhesabu umri wa ndoa. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kiliwakataza waliofunga ndoa ya kiserikali kwenda mahakamani kabla ya kutimiza miaka 3 tangu siku ya kuoana, wakati aliyefungia ndoa kanisani hakuwekewa kizuizi hicho. Wawili wangeweza kuwa majirani Mnarani, wamefunga ndoa zao wiki moja, mmoja kwa padri na mwingine kwa msajili, na mmoja tu akawa huru kulalamika. Mwaka 2019 Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na Tukero ole Kina, ilitamka kwamba kizuizi hicho kinapingana na Katiba. Hukumu ilikuwa ya haki. Sheria inayomlazimisha mtu kubaki kwenye ndoa ya mateso mpaka kalenda itimie ni vigumu kuitetea.

Kwa Waislamu wa pwani, mambo yana mkondo mwingine kabisa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, inazipa mahakama za kadhi mamlaka juu ya ndoa, talaka na mirathi pale ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kusikilizwa na kadhi. Swali la miezi ya ukaaji halipo. Muda uliopo ni wa eda, na eda huhesabiwa baada ya talaka kutoka. Sheria za Kizungu humsubirisha mtu mlangoni kabla hajaingia. Fiqhi humsubirisha mwanamke baada ya kutoka, ili nasaba ijulikane na mume apate nafasi ya kurejea. Wanandoa waliokubaliana wana njia iliyo wazi: mke akitaka kujitoa kwa kurudisha mahari au sehemu yake kuna khului, na wote wawili wakichokana kuna mubaraa. Kadhi wa Malindi akishathibitisha, kinachobaki ni kuipeleka hati kwa msajili wa ndoa, hatua ambayo wengi huiruka kisha wakaijutia siku ya kuomba viza au kugawa mirathi.

Ndoa ya kimila ya Kigiriama nayo ina utaratibu wake. Iliyofungwa kwa mahari na tembo mbele ya wazee hufunguliwa mbele ya wazee, na mahari huzungumzwa upya. Sheria ya 2014 haikuufuta utaratibu huo. Imeruhusu usuluhishi wa kimila utangulie kabla ya shauri kufika mahakamani. Mkwamo uko kwenye usajili. Ndoa hizi zilitakiwa zisajiliwe, na kanuni za kufanya hivyo zilianza kutumika mwezi Agosti 2017, lakini vijijini wengi hawajawahi kuiona ofisi ya msajili. Mtu asiye na hati ya ndoa ana kazi mbili kortini: athibitishe kwanza kwamba ndoa ilikuwepo, ndipo aombe ivunjwe.

Neno lenyewe la kutopinga linahitaji uangalifu. Nchini Kenya, wanandoa kukubaliana waachane hakutoshi kuwa sababu ya talaka ya kiserikali. Mwombaji ni lazima ataje sababu inayotambuliwa, kama vile uzinzi, ukatili, kutelekezwa kwa miaka 3, au ndoa kuharibika kiasi cha kutotengenezeka, na kuishi mbalimbali kwa miaka 2 au zaidi ni ushahidi wa hilo la mwisho. Mdaiwa akishapokea hati na asijibu, au akajibu kwamba hana pingamizi, shauri husikilizwa kama lisilopingwa. Bado mwombaji hutoa ushahidi kwa kiapo, na hakimu bado huuliza maswali. Katika Sura ya 152 hali ilikuwa ngumu zaidi: mahakama ikigundua kwamba wawili wamepanga pamoja, ilihesabu hiyo kuwa njama na kulitupa shauri. Watu waliokubaliana kwa ustaarabu walilazimika kuigiza ugomvi.

Mbunge wa Homa Bay Mjini, Peter Kaluma, alipeleka bungeni mswada wa kurekebisha Sheria ya Ndoa ili ridhaa ya pande mbili iwe njia halali ya talaka. Uingereza ilikwishafika huko: tangu tarehe 6 Aprili 2022 wanandoa wanaweza kuomba kwa pamoja bila kulaumiana, wakasubiri wiki 20 kabla ya hatua inayofuata. Waliouogopa mswada wa Kaluma walisema utarahisisha talaka. Hoja hiyo haina uzito mkubwa. Kinachochelewesha talaka isiyopingwa Kilifi mara nyingi huwa ni vitu vidogo: mdaiwa hajulikani aliko ili akabidhiwe hati, hati ya ndoa imepotea, au kesi imeahirishwa.

Hapo ndipo teknolojia imebadilisha maana ya kuishi mahali. Tangu tarehe 11 Machi 2024 mahakama za Kenya nchi nzima zimeingia kwenye mfumo wa kufungua mashauri kwa intaneti, na kusikiliza kesi kwa njia ya video kulishazoeleka tangu janga la korona la mwaka 2020. Wakili wa Kilifi anaweza kuwasilisha hati bila kusimama foleni, na shahidi anaweza kuapa akiwa mbele ya simu. Mdaiwa akiwa nje ya nchi, mahakama huombwa ruhusa ya kumpelekea hati huko. Umbali umepungua, lakini kifungu cha 60 bado kinasema anayeishi Kenya, na hapo ndipo wawili wa aina mbili tofauti wanapokwama.

Wa kwanza ni mgeni mwenye nyumba. Mstaafu wa Kiitaliano anayekaa Malindi miezi ya baridi ya Ulaya na kurudi kwao wakati wa masika, je, anaishi Kenya? Sheria ikiwa haikuweka kipimo, wakili atajenga hoja kwa kibali cha ukaaji, bili za umeme na mihuri ya pasipoti. Hata akifanikiwa, amri ya talaka ya Kilifi inatakiwa iheshimiwe Italia, na sheria ya huko ya mwaka 1995 huzitambua hukumu za nje bila kesi mpya kwa masharti, mojawapo likiwa kwamba mahakama ya nje ilikuwa na mamlaka ya kweli na mdaiwa aliitwa ipasavyo. Talaka yenye ukaaji wa kubabaisha itakwama kwenye dawati la msajili wa mji wake. Kwa bahati, kishawishi kimepungua: tangu mwaka 2015 Italia imepunguza ile miaka 3 hadi mwaka 1, au miezi 6 kwa waliokubaliana. Upande wa pili, hukumu ya nje inapoletwa Kenya, kifungu cha 61 hutazama makazi ya wanandoa, na ni hapo, si kwenye kufungua shauri, ambapo sheria inataja miaka 2 ya kuishi.

Mwenye mali ana sababu zaidi ya kuuliza mapema. Katiba inamruhusu mgeni kukodisha ardhi kwa muda usiozidi miaka 99, na viwanja vingi vya pwani vinavyotumiwa na wageni vimeandikwa jina la mwenzi Mkenya. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inagawa mali baada ya ndoa kuvunjwa. Talaka ikitiliwa shaka, na mgawo wa nyumba unatiliwa shaka pamoja nayo. Mahakama ya Juu ya Kenya iliongeza mwezi Januari 2023, katika kesi ya Ogentoto, kwamba hakuna nusu kwa nusu ya moja kwa moja: kila upande huonyesha mchango wake.

Wa pili ni binti wa Kilifi aliyeko Riyadh. Alifunga ndoa ya kiserikali, mume yuko Mtondia na wala hapingi kuachana, lakini yeye ana mwaka wa tatu nje. Akisomewa neno anayeishi kwa ukali, anaambiwa haishi Kenya. Mume tu ndiye anayeweza kufungua. Saudia nako si mahali pa mfanyakazi wa nyumbani kwenda kudai talaka ya ndoa ya msajili wa Kilifi. Tafsiri iliyo bora ni kwamba kandarasi ya kazi haimwondoi mtu kwao: ana kitambulisho cha hapa, watoto hapa, fedha anazotuma hujenga hapa, na kila likizo hurudi hapa. Sheria za Tanzania na Uganda, kwa ugumu wake wote, zingemtambua kwa msingi wa makazi ya kudumu. Ile ya Kenya, iliyokusudiwa kuwa nyepesi, iliacha kulitaja neno hilo kwenye kifungu cha 60, na Bunge likiufungua tena mlango wa kurekebisha Sheria ya Ndoa, maneno machache yangetosha kuongezwa baada ya yale ya anayeishi Kenya. Mpaka hapo, njia inayotumika ni ile ile ya kumwandikia mume shauri liende kwa jina lake, yeye binti awe mdaiwa asiyepinga, aape kwa video saa ya mapumziko, ikiwa mwajiri atampa simu yake.